Mama mukwe anasema madoa ya mutoto yametoka kwangu, na mi niliyaona pa mugongo ya bwana yangu

BARUA

Yaya, salamu kwako. Mi ni mama wa miaka 31, tunakaa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, ninashona nguo ku nyumba. Bwana yangu ni shofere wa kamyo ya madini, anatoka Kolwezi anaenda Kasumbalesa, na pale ku mupaka kamyo zinapanga mulongo siku na siku, kwa mwezi tunamuona kidogo sana. Tuko na mutoto mumoja tu, kijana wa miaka 7.

Vile nilimuzaa alikuwa na madoa ya kahawia pa tumbo na pa mapaja, nikasema ni alama tu ya kuzaliwa. Lakini vile anakomaa madoa yanaongezeka, sasa mu makwapa iko na vidoa vidogovidogo vingi, na pa shingo upande wa kushoto kulitoka kivimbe kilaini, ukikigusa haujui kinaanzia wapi wala kinaishia wapi. Ku masomo pia kunamutesa, anajua mambo mingi kwa mudomo lakini kuandika ni vita, herufi zinageuka, mwalimu anasema ni muvivu.

Mwaka uliopita munganga moja wa batoto alimuvua nguo yote, akakamata rula akapima madoa moja moja, akaniambia jina refu, neurofibromatosi ya aina ya 1, akaandika NF1 ku karatasi. Akasema ni jambo la jeni, na muzazi mumoja anaweza kuwa nayo bila kujua. Akaniangalia na mi, mikono, mugongo, macho na ile taa yao, hakuona kitu. Akasema kesho mulete baba.

Baba hakwenda. Yaya, hii sijaambia mutu. Bwana yangu pa mugongo iko na madoa sawasawa na ya mutoto, ila makubwa, na tangu tulioana alikuwa na vinundu vilaini pa kifua, mwaka kwa mwaka vinaongezeka, njo maana hatoi shati hata mu joto ya mwezi wa kumi. Nilimuambia munganga anataka kukuona, akasema "mi niko muzima, mugonjwa anaendeshaka kamyo?" kisha hakunisemesha tena mpaka alirudia safari. Na baba yake, alishakufa, mu picha ya ndoa ya dada yao mukubwa uso yake yote iko na vinundu. Bao banasema ilikuwa moshi ya usine fasi alitumika.

Na ni bao njo banasema upande yao hakuna mutu alishazaa mutoto wa vile. Mama mukwe anasema ni tumbo yangu. Wifi yangu moja alikamata mutoto siku ya posho akamupeleka ku chumba ya maombi bila kuniuliza, bakamuweka siku muzima bila kula, pasteri akasema ile kivimbe ni nyama mutoto anakulaka usiku. Mutoto akarudi ananiuliza "mama, mi ninakulaka nini usiku?" Sikupata maneno.

Sasa jamaa yao imeita kikao mwisho wa mwezi, banataka bwana yangu akamate mwanamuke mwingine ajaribu kuzaa "batoto basafi". Swali yangu: nisimame pale niwaambie batoe shati ya mutoto wao baangalie? Nikisema, ninamupatisha haya mbele ya badogo yake, na anaweza kuniacha. Nikinyamaza, mi njo nimeharibu, na mutoto yangu anabaki mulozi. Na ingine ni kwamba ninataka mutoto wa pili na ninaogopa. Usiandike jina yangu.

Mama wa kijana, Lubumbashi


JIBU

Mdogo wangu,

Kabla ya kikao na kabla ya mama mukwe nianzie kwa mtoto, juu alikuuliza swali na mpaka unaniandikia bado halijajibiwa. Miaka 7 anaelewa. Leo jioni mkiwa wawili tu mwambie: huli kitu usiku, unalala, mi ninakuona ukilala, hicho kivimbe ni nyama ya mishipa yako ya fahamu imekua kupita kiasi, ulizaliwa na jambo hilo na hukufanya kosa. Halafu mwambie tena wiki ijayo, na tena, juu neno la pasteri limemuingia na mara moja haitatosha kulitoa.

Na kwa kile chumba cha maombi siko na maoni mawili. Mtoto asiende tena kule, na mtu asimchukue nyumbani bila we kujua anapelekwa wapi. Katiba yetu kifungu cha 41 inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inampa adhabu anayefanya hivyo. Sikuambii ukimbie polisi kesho asubuhi, wifi yako pengine aliogopa kweli na alifikiri anasaidia, lakini bwana yako apashwa kujua mtoto wake alishindishwa na njaa, na yeye njo awaambie dada zake basi. Hilo halingojei kikao.

Sasa mengine. Umeniuliza swali moja, niseme au ninyamaze, lakini nikisoma naona matatu yamefungana: ugonjwa umetoka wapi, nani ana haki ya kuusema, na kama unaweza kuzaa tena. Tuyafungue polepole, juu nadhani hilo la kwanza likieleweka vizuri, la pili linabadilika sura.

Ugonjwa huu si mpya na si wa kwenu peke yenu. Munganga wa Ujerumani, Friedrich von Recklinghausen, aliuandika mwaka 1882, mpaka leo waganga wengine wanauita kwa jina lake. Unapata karibu mtu 1 kati ya 3000, kila taifa, wanaume na wanawake sawa, kwa hiyo mu mji mkubwa kama Lubumbashi mko wengi, ni vile tu wengi wanavaa mikono mirefu. Jeni yenyewe, ile NF1 munganga alikuandikia, iko ku kromozomu ya 17, kromozomu ni zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, na timu mbili za watafiti wa Marekani ziliipata mwaka 1990. Kazi yake ni kuipa seli maagizo ya kutengeneza protini inayoitwa neurofibromini, protini kubwa kweli. Ndani ya seli kuna protini ingine, ndogo, inaitwa RAS, hii ikiwaka inaamuru seli ikue na igawanyike, na neurofibromini njo inaikamata RAS na kuizima amri ikishatosha.

Bwana yako ataelewa hili haraka kuliko sisi wote, juu ni freni. Kila seli ina nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto wako alizaliwa na nakala moja haifanye kazi, lakini ile ya pili bado inashika. Halafu fasi moja mwilini, seli moja kati ya zile zinazofunika mishipa ya fahamu inapoteza na ya pili, RAS inabaki imewaka, seli inaendelea kugawanyika bila wa kuizuia, na pale njo kivimbe kinatoka. Haitabiriki ni fasi gani wala lini. Kwa hiyo hata mu nyumba moja ugonjwa haufanani: baba anakuwa na vinundu vya ngozi na anaendesha kamyo miaka yote, mtoto anapata kivimbe cha ndani pa shingo na kuandika kunamshinda. Ndio, hata ile ya herufi kugeuka, shida za kujifunza ni nyingi sana kwa watoto wa NF1, kwa hiyo mwalimu akisema muvivu mpelekee karatasi ya munganga, akae mbele na apewe muda zaidi.

Hauambukizi. Si kwa kulala kitanda kimoja, si kwa maziwa, si kwa jasho, na tumbo la mama haliuzalishi. Hata kama we ungekuwa na jeni hiyo, bado neno "tumbo linaharibu" lingekuwa uongo.

Je, umetoka kwa bwana yako? Hapa nikuombe uende taratibu kidogo, juu barua yako imeshaamua. Karibu nusu ya wenye ugonjwa huu njo wa kwanza mu jamaa yao, jeni ilibadilika upya kabisa, baba na mama hawana kitu. Kwa upande mwingine, karibu kila mwenye hitilafu hii akishakuwa mtu mzima alama zinaonekana, na we munganga alikuangalia hakuona kitu, hilo lina uzito. Madoa ya mgongoni, vinundu vya kifua, uso wa marehemu mu picha, vyote vinavuta upande mmoja. Lakini we uliona kwa macho ya bibi ya mtu, si kwa macho ya munganga, na ukienda kusema mbele ya jamaa kitu ambacho hakijahakikishwa, wa kwanza atakayekuuliza "nani alikuambia?" atakunyamazisha. Munganga akimwona dakika chache tu anaweza kujua, kwa mtu mzima anatafuta madoa 6 au zaidi yanayopita milimita 15, vidoa vya makwapa, vinundu, na tuvimbe tudogo tudogo ndani ya jicho. Mara nyingi haihitaji hata ekzame ya jeni ya kutuma damu mbali, kwa hiyo usiuze mashini yako ya kushona juu ya hiyo.

Kuna jambo lingine uliandika haraka ukapita, na mi limenikalisha. Mama mukwe wako alilala pembeni ya mgongo kama huo miaka mingi kabla yako. Kama marehemu alikuwa nao, basi yeye njo ameishi na ugonjwa huu muda mrefu kuliko mtu yeyote mu jamaa hiyo, aliwaogesha watoto wake na pengine aliona madoa, na pengine zamani na yeye aliambiwa ni tumbo lake. Sijui, ninawaza tu. Lakini mtu anayepiga kelele "kwetu hakuna" wakati picha iko ukutani, mara nyingine ni mwoga kuliko mbaya. Ile hadithi ya moshi ya usine ilimlinda bwana yake, na sasa hakuna moshi wa kumlinda mwanawe, umebaki we tu wa kubebeshwa. Haikupunguzii maumivu, naelewa, lakini inaweza kubadili namna unavyomwangalia siku hiyo.

Tuje ku kikao. Ukisimama useme mtoeni shati, utakuwa umesema ukweli, na kuna wanawake wengi wangekupigia makofi, na mi siwezi kukuambia huna haki hiyo baada ya yote walikuambia. Swali langu ni kama ukweli huo utakufanyia kazi unayoitaka. Watu waliokuja wakiwa wameshaamua kwamba we njo unaharibu, wakiona mgongo wa mtoto wao wanaweza kusema umemloga na yeye. Na bwana yako akivuliwa mbele ya wadogo zake, hata kama alikuwa njiani kuja upande wako, siku hiyo atarudi upande wao kwa haya tu. Kunyamaza pia kuna bei yake na umeshaanza kuilipa: bibi wa pili mlangoni, mtoto anayeitwa mulozi, na we unayeishi na jambo moyoni mpaka linageuka hasira.

Kati ya hapo naona njia zingine, hakuna iliyo rahisi. Moja ni yeye kwanza, peke yenu, akirudi safari, si siku ya kwanza akiwa na uchovu wa Kasumbalesa. Na labda usianze na "umetoka kwako". Akikujibu "mi niko muzima", sikia kilicho chini yake: anaogopa mkate wake, shofere akiitwa mgonjwa kazi inaisha. Unaweza kuanzia hapohapo, kwamba watu wazima wa NF1 wanaweza kupata presha ya juu kwa sababu ya mshipa wa figo au kivimbe cha tezi iliyo juu ya figo, na kupimwa mapema njo kunamlinda abaki barabarani. Hatari ni kwamba atakataa tena na siku za kikao zinakaribia.

Ingine ni kumtumia munganga. Aitwe baba juu ya mtoto, si juu ya baba, juu kile kivimbe cha shingo kinahitaji maamuzi ya wazazi wote wawili, na akishakaa pale munganga aseme yeye. Wanaume wengi wanakubali kusikia kwa koti nyeupe kitu ambacho bibi yao akisema wanatoka nje. Au yupo mtu wa upande wao anayeheshimiwa, baba mdogo, au yaya yake mtulivu, anayeweza kuomba kikao kisogezwe mbele mpaka munganga amalize kazi yake. Kusogeza kikao si kushindwa, kunakupa muda. Lakini chagua vizuri, mdomo ukiwa mwepesi habari itafika Katuba na Kamalondo kabla bwana yako hajashuka kwenye kamyo.

Na jambo hili si la kujitetea we peke yako. Kama lilipitia kwa marehemu, kila mtoto wake alikuwa na nafasi nusu kwa nusu, na hao wifi zako ni wamoja wao. Wanawake wenye NF1 wana hatari kubwa zaidi ya kansa ya matiti kabla ya miaka 50, waganga wanashauri waanze kuangaliwa kila mwaka tangu miaka 30. Yule wifi aliyempeleka mtoto ku maombi, kama na yeye ana vinundu chini ya nguo, hakuna mtu amemwambia hilo. Siku ukipata kusema, kwa njia yoyote utakayochagua, labda hili litasikika vizuri kuliko "si mimi".

Hapo pia utaona kwamba bibi wa pili hatatui walichotaka. Ikihakikishwa kwamba jeni iko kwa bwana yako, mwanamke yeyote atakayezaa naye, kila mimba ni nafasi 1 kati ya 2. Na kama haiko kwake wala kwako, basi mtoto wa pili kwenu angekuwa na nafasi ndogo sana ya kuipata. Kwa hiyo hata swali lako la kuzaa linangojea macho ya munganga ku mgongo huo. Ikiwa ni ile nusu kwa nusu, sitakuambia uzae wala usizae. Kuna wazazi wanasema mtoto tuliye naye anacheka, anacheza, tunajua sasa namna ya kuangalia, tunajaribu. Kuna wanaosema nguvu zetu na feza zetu tuzimalize kwa huyu. Mtoto anaweza kuupata kidogo tu, madoa na basi, au kuupata vikali kuliko kaka yake, na kwa kuangalia wazazi huwezi kujua mbele. Waza pia nani anashinda na mtoto baba akiwa barabarani, juu ni we. Hamu yako ya mtoto si kosa na hofu yako si ukosefu wa imani.

Kwa kijana, ukirudi ku lopitalo uliza macho yake yapimwe kila mwaka, kwa watoto wadogo kunaweza kutokea kivimbe ku mshipa wa fahamu wa jicho na mtoto mwenyewe hasemi kwamba haoni vizuri. Apimwe presha na mgongo uangaliwe kama haupindi. Ile ya shingo inaitwa pleksifomu, mara nyingi inakua polepole, lakini ikianza kukua haraka, kuwa ngumu, au kumuuma usiku mpaka anaamka, usingoje baba arudi, mpeleke siku hiyohiyo, juu chache kati yazo zinageuka kansa. Na kama inabana kupumua au kumeza, mwambie munganga. Kuna dawa sasa, selumetinib, Marekani waliikubali mwaka 2020 kwa watoto kuanzia miaka 2 wenye pleksifomu isiyoweza kupasuliwa, inazuia ile amri ya RAS mbele kidogo ku njia yake na kwa watoto wengi kivimbe kinapungua. Bei yake ni kubwa sana, nisikudanganye, lakini muulize munganga, juu kila mwaka mambo yanasogea.

Ukiongea na bwana yako, hata akikujibu vibaya, niandikie tena tuone namna ya kwenda mbele. Na unijulishe kijana alisema nini ulipomjibu.